Moyo wa Mama na Chai ya Kila Mlango

Infirmière, muuguzi wa kituo, alibonyeza mashine ya presha, akaiangalia, akaipiga kofi dogo ubavuni, kama sisi tunavyoipiga télé ya nyumbani picha ikianza kuruka. Akabonyeza tena. Kile kitambaa cha mkononi kikajaa upepo, kikamkaba mama, kikapumua. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, furushi lake la vitenge likiwa kati ya miguu yake, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri mvua ipite.

"Betri imekwisha," infirmière akasema. "Ngoja, mama."

Akabadilisha betri. Mashine ikarudia namba ile ile. Basi akaiweka kando, akashika mkono wa mama kwa vidole viwili, akakodolea macho saa ya ukutani, midomo yake ikihesabu bila sauti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Siku ile kituo cha afya cha kwetu Majengo, hapa Goma, kilikuwa kinapima watu bure, na kwa kuwa ninasoma biochimie, kemia ya mwili, nyumbani wananichukulia kama nusu daktari. Sikatai. Mimi ni ile nusu ambayo haijui kitu.

"Quarante-six," infirmière akasema, yaani mapigo arobaini na sita kwa dakika. "Mama, unasikiaka kizunguzungu?"

"Hapana."

"Unaangukaka ovyo?"

"Nianguke juu ya nini? Niko na kazi."

"Moyo yako inapiga polepole sana. Ya batu wengi inapita soixante, sitini, hata kama bamekaa."

"Labda na wenyewe unafuata saa ya Kongo," nikasema.

Mama hakugeuka. Alinikanyaga tu kidole cha mguu, bila haraka, kwa kisigino.

Halafu wakamtoboa kidole. Alikuwa hajala tangu jana, kama walivyoagiza. Infirmière alisubiri mashine nyingine, ndogo hii, kama simu ya zamani, akasoma: "Cent douze, mia na kumi na mbili. Hii yenyewe imepanda kidogo. Si diabète, ule ugonjwa wa sukari, mama, usiogope. Ni prédiabète, ile inatanguliaka kabla diabète yenyewe haijafika. Mutu anaweza kuirudisha nyuma. Punguza sukari. Na juu ya moyo, urudi siku munganga wa moyo atapita hapa na mashine ya électro, ile inachoraka mapigo. Inaweza kuwa si kitu. Lakini iangaliwe."

Kwa hiyo tulitoka pale na namba mbili. Moja ya moyo, moja ya sukari. Na kama mnavyojua, watu wakipewa moyo na sukari wachague cha kuogopa, hakuna atakayechagua sukari.

Lazima nieleze kazi ya mama, maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Mama anauza vitenge kwa miguu. Anavichukua kwa wenye maduka Birere, anavifunga, anavitwika kichwani, na kuanzia hapo anatembea. Majengo yote, Ndosho yote, na vichochoro vya katikati ambako mawe ya volcano yanakula viatu kama mikate. Moto, pikipiki ya abiria, hapandi. Anasema kitenge kinauzwa na macho, na ukiwa juu ya moto unapita macho ya watu. Alinitembeza mgongoni nikiwa mchanga, na nilipokua akanishusha, akaendelea bila kupunguza mwendo. Rafiki zangu wakimwona anakuja barabarani wanasema, "Pisheni, Fuso imefika."

Lakini kitenge hakiuzwi ukiwa umesimama mlangoni. Ndivyo ilivyo kwetu. Lazima uingie, ukae, uulize watoto, uulize mgonjwa wa nyumba ile kama yupo, ndipo furushi lifunguliwe. Na ukikaa, chai inakuja. Chai yenyewe haikuulizi unataka sukari ngapi. Mwenye nyumba anatia mwenyewe, kijiko, kijiko, kijiko, na kingine cha heshima. Nyumba inayokupa chai isiyo tamu ni nyumba iliyofilisika, na hakuna mtu anayetaka muuza vitenge atoke kwake akapeleke habari hiyo mtaa wa pili. Kwa hiyo mama alikuwa anakunywa kwa kila mlango. Hakuna siku aliyokataa. Kukataa kikombe ni kukataa mteja.

Tulipofika nyumbani, tantine alikuwa anatusubiri uani. Tantine ni dada mkubwa wa papa, baba yangu. Anakaa nyumba ya nyuma, uwanja mmoja na sisi, na papa akiwa safarini, naye ni dereva wa barabara ya Kampala kwa hiyo yuko safarini daima, tantine ndiye jenerali. Jeshi ni sisi.

"Bamesema nini?"

"Moyo unapiga polepole," mama akajibu, akatua furushi.

"Polepole namna gani?"

"Quarante-six," nikasema mimi, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Tantine alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mama yangu weee. Moyo imechoka. Njo matokeo ya kubeba mizigo juu ya kichwa kama punda. Kuanzia leo hautoki. Unalala, unapumzika, unakunywa vitu vya nguvu."

"Tantine, infirmière alisema na sukari imepanda…"

"Alisema iko na diabète?"

"Hapana. Alisema ni kabla ya diabète."

"Kabla! Hata mimi niko kabla ya kufa. Umeona banachimba shimo?"

Ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi ninazozisikia shuleni.

Mama alijaribu kucheka. Lakini nilimwona ameweka kiganja juu ya kifua, pale pale, kama mtu anayesikiliza mlango ambao hajui nani yuko nyuma yake. Jioni ile alilala mapema, bila kuambiwa mara ya pili. Na mama yangu kuambiwa kitu mara moja tu na akakitii, hilo ndilo lilinitisha kuliko namba.

Sasa, mnajua kwetu mgonjwa anatembelewaje. Huwezi kwenda kumwona mtu kitandani ukiwa na mikono mitupu, utakuwa umekwenda kumchungulia tu. Unabeba sucré. Soda za chupa, za rangi zote, mbili, nne, mwenye uwezo anabeba kasha zima juu ya bega la mwendesha moto. Juu yake mkate, na kilo ya sukari. Habari ya moyo wa mama ilitoka uani kwetu kabla ya maharagwe kuiva. Kesho yake walianza kuja. Wamama wa msikitini. Majirani. Wateja wa Ndosho. Mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujui ni nani, alikaa, akaomba dua ndefu sana, akaacha chupa tatu, akaenda zake.

Chupa zilijaa chini ya kitanda, zikapita, zikaanza kuja upande wa mlango. Mimi nilipewa kazi ya kufungua. Sitasema uongo hapa: zilikuwa siku tamu sana za maisha yangu. Nilileta hata wanafunzi wenzangu wawili wamwamkie mama, na walimwamkia kwa heshima kubwa, chupa moja moja mkononi.

Tatizo ni kwamba mgeni hatoki mpaka amwone mgonjwa akinywa. "Kunywa kidogo nione," ndivyo wanavyosema. "Kunywa nikalale vizuri." Na mama, ambaye maisha yake yote amekunywa alichopewa ili mwenye nyumba aridhike, sasa alikuwa anakunywa ndani ya nyumba yake ili mgeni aridhike. Anainua, anakunywa, mgeni anatabasamu, "Alhamdulillahi, rangi imerudi."

Rangi ilikuwa ile ile.

Tantine naye aliniweka kazini. Kila asubuhi kabla sijaenda shule nilishika mkono wa mama, nikahesabu. Nilijipima na mimi mara moja, nimekaa, nikapata quatre-vingt-quatre, themanini na nne. Nikajivuna. Mama, akiwa amelala ubavu, akasema, "Moyo wako unakimbilia wapi, na wewe mwenyewe umekaa?"

Halafu siku zilipopita, namba ya mama ikaanza kupanda. Quarante-neuf. Cinquante-et-un. Asubuhi moja ikafika cinquante-quatre, hamsini na nne, na tantine akapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani akajibu.

"Mumeona? Sucré inafanya kazi! Moyo inaamuka!"

Jirani aliyekuwa anapita na maji akasimama nje ya ua kuuliza kama tumepata harusi.

Lakini mama hakufurahi. Nilimjua mama kwa miguu yake, na miguu yake haikufurahi. Chini ya blanketi ilikuwa inasogea, mmoja halafu mwingine, kama inatembea peke yake. Mchana mmoja mvua ilinyesha, wageni hawakuja, tantine alikuwa kwake amelala. Mama akaniita.

"Funga mlango. Kaa."

Nikakaa juu ya kasha la sucré, hapakuwa na pengine.

"Unajua bibi yako aliyenizaa, kule Kasongo, alikufa na nini?"

"Ulisema alizeeka."

"Alikuwa na umri wangu huu. Alianza na sukari. Kwanza walisema ni kidogo tu. Akawa anakunywa maji, anakunywa maji. Halafu kidole cha mguu kikawa cheusi. Wakakata kidole. Halafu wakarudi wakakata mguu hapa." Akajigusa chini ya goti, juu ya blanketi. "Mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Alikuwa muuzaji, kama mimi. Baada ya pale alikuwa anakaa mlangoni, anaangalia watu wakipita na biashara zao."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo alinisogelea.

"Mimi kufa siogopi. Mungu ataniita siku yake. Lakini sitaki kwenda kipande kipande. Kila mtu hapa ananiuliza moyo. Hakuna anayeuliza ile namba ya pili. Hebu hiyo biochimie yako, inasema nini? Hii sukari ya sucré inaendaka wapi?"

Nilikuwa na mizaha kama mitatu tayari mdomoni. Niliitafuta, sikuuona hata mmoja.

"Inaingia katika damu, mama."

"Haraka?"

"Haraka sana. Ya sucré haitafunwi, inashuka tu. Na mutu akiwa amelala, nyama za mwili haziitumii. Inabaki inazunguka."

Mama aliangalia chupa zilizo chini ya kitanda, safu nzima, nyekundu, njano, kijani. Akafikiri.

"Sasa nifanye nini? Nikatae vitu vya watu?"

Swali hilo halimo katika biochimie.

Tulipatana hivi: mgeni akija, mama anagusisha mdomo kwenye chupa, mgeni akitoka, ninaimaliza mimi. Mnaweza kusema niliteseka kwa ajili ya mzazi wangu. Lakini kugusisha mdomo mbele ya watu waliokuja kukuona ukinywa si kazi rahisi, na kila mara sucré kidogo ilishuka kooni.

Siku ya daktari wa moyo, tantine alikuja na sisi, amevaa kama anakwenda kwenye ndoa. Daktari alikuwa mtu mzima, sauti ndogo, mikono ya baridi; mama aliruka alipowekewa zile waya kifuani. Sisi tulikaa nyuma ya pazia, tunasikia mashine ikitoa karatasi. Halafu akatuita. Alikuwa ameinyoosha karatasi juu ya meza, vilima vidogo vidogo vinapita, vyote sawasawa, na nafasi kati yao.

"Mama, moyo huu sina neno nao," akasema. "Unapiga polepole, lakini unapiga vizuri, unafuata njia yake. Unafanya kazi gani?"

"Natembeza vitenge."

"Kwa moto?"

Tantine akacheka. "Huyu? Kwa miguu! Birere, Majengo, Ndosho, na mzigo juu ya kichwa. Nimesema mpaka nimechoka."

"Tangu lini?"

Mama akaninyooshea mimi kidevu. "Kabla ya huyu."

Daktari akaegemea nyuma. Alieleza taratibu, kama mtu asiyekuwa na foleni nje, na foleni alikuwa nayo. Moyo ni nyama, akasema. Ukiutembeza kila siku miaka mingi, unapata nguvu. Ukiwa na nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi, kwa hiyo ukikaa hauna haja ya kupiga mara nyingi. Wachezaji wa mpira wanakuwa hivyo, wakimbiaji pia. "Si kila moyo wa polepole ni wa heri," akaongeza, akainua kidole. "Mwingine unapiga polepole kwa sababu ya dawa, au ugonjwa. Njo maana tunapima. Na siku utasikia kizunguzungu, au kuanguka, au pumzi kukatika, haungoji mutu. Unakuja. Lakini huu wa leo ni moyo wa kazi."

"Na sasa umepona zaidi," tantine akasema. "Umetoka quarante-six, umefika cinquante-quatre. Tumemulaza kitandani, hatoki."

"Muda gani?"

"Tangu siku ile ya kwanza!" Tantine aliongea kama anayengoja medali.

"Njo maana umepanda," daktari akasema kwa upole. "Moyo unaanza kusahau kazi."

Infirmière, yule yule wa siku ya kwanza, akaleta ile mashine ndogo na kidole cha mama kikatobolewa tena. Cent vingt-et-un, mia na ishirini na moja. Daktari aliangalia namba, akamwangalia mama, alivyo mwembamba, akaangalia tena.

"Hii njo inanisumbua. Bado si diabète, lakini inasogea. Nyumbani kwenu kuna mutu alikuwa nayo?"

"Mama yangu. Walimkata mguu."

"Sasa nani anakupa vitu vya sukari?"

Tantine akaanza kuchunguza dari, kama kuna ufa uliompendeza. Mimi nilichunguza viatu.

"Watu wema," mama akasema.

Daktari alitabasamu, lakini si sana. Mama akamwangalia usoni. Sijawahi kumwona akiuliza kitu namna ile, hata bei.

"Munganga, niambie. Miguu yangu nitabaki nayo?"

"Mama, miguu yako njo imekusaidia mpaka leo. Bila hiyo, na sukari ya mama yako unayoisema, labda tungekuwa tunaongea mambo mengine. Rudi barabarani. Tembea vile ulikuwa unatembea. Kula vizuri, punguza ugali na mikate, tia majani, tia maharagwe. Sucré, acha kabisa. Chai, kunywa, lakini bila sukari. Urudi baada ya miezi tatu tuangalie."

Njiani tantine alitutangulia peke yake mpaka kwenye duka la mkate. Hapo akasema, "Mimi nilijua ni moyo wa kazi," akaendelea mbele.

Papa alituma sauti kwenye simu kutoka mpakani, na nyuma yake injini zinanguruma. "Mwambieni mama yenu mimi ningejua tangu zamani. Gari nzuri ikisimama, ralanti yake, mlio wa injini bila mwendo, inakuwa chini, hausikii kitu. Ile inayonguruma imesimama, hiyo njo unapeleka garage." Mama aliisikiliza mara mbili. Ya pili alisema anatafuta kusikia vizuri, na sauti ilikuwa safi kabisa.

Kurudi barabarani kulikuwa rahisi. Chai ndiyo ilikuwa vita.

Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilimfuata nikiwa mbeba furushi. Mlango wa kwanza ulikuwa Ndosho, kwa mama mmoja Mnande wa Butembo, mume wake ana karakana ya vitanda pale pale mbele. Mteja mkubwa. Tukakaa. Vumbi la mbao linaingia, randa inalia nje. Birika likaja.

"Mama, leo unipe bila sukari," mama akasema.

Mwenye nyumba akasimamisha mkono. "Bila sukari?"

"Ndiyo, mama."

"Aah. Siye hatujafika kule." Sauti yake ilikuwa bado tamu, lakini imeanza kupoa. "Kwa jirani yangu ulikunywaka na sukari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa hapo. Kwangu njo unaona hakuna?"

"Si hivyo."

"Basi." Akaingia ndani na kikombe. Akarudi nacho, akakiweka mbele ya mama. "Bila sukari, kama umeomba."

Mama akaonja. Akanitazama. Nilijua mara moja: yule mama alikuwa ametia sukari chumbani, amekoroga, amefuta kijiko. Si kwa ubaya. Hakutaka ijulikane kwamba kwake mgeni alikunywa chai chungu, hata kama mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba.

Nikaona nimwokoe mama. "Mama yangu amefunga leo," nikasema.

"Na alichoonja sasa hivi ni nini?" mwenye nyumba akaniuliza.

"Usinifungishe saumu nisiyonuia," mama akaniambia bila kupandisha sauti. Akatua kikombe kwenye kisahani. "Mama, nisikilize. Mimi si mgonjwa wa moyo kama walivyokuambia. Moyo ni mzima. Ni sukari inanifuata." Akamweleza yote. Kidole kilichotobolewa, namba zote mbili, jinsi ilivyopanda akiwa amelala na sucré. Halafu akamweleza Kasongo, kidole cheusi, goti, na mlango. Alieleza kama anavyoeleza kitenge, akigeuza upande huu, akigeuza upande ule, bila kuficha penye doa.

Randa ilikuwa imenyamaza nje. Sijui kama fundi alikuwa anasikiliza au anavuta sigara.

Mwenye nyumba alivuta kile kikombe upande wake, polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Na mimi nilitia," akasema.

"Najua. Ni tamu."

Wakacheka wote wawili, mama wa Butembo akaziba mdomo na pindo la kitenge. Kisha akakasirika tena, safari hii na hali yenyewe. "Sasa nikupe nini? Haiwezekani utoke kwangu hivi hivi, batu banisikie!"

Alifikiri. Akaingia ndani, akatoka na avocat kubwa ya kwao, parachichi, ameipasua, na chumvi kwenye kifuniko. Mama akala kwa kijiko, taratibu, mpaka ganda likabaki kama kikombe. Yule mama alimwangalia akila mpaka mwisho, na uso wake ukatulia. Siku ile alichukua vitenge viwili.

Basi mama akafuata njia hiyo. Kila mlango alieleza, na kuna mahali palipokuwa pagumu. Nyumba moja ya Majengo hawakuelewa, na mpaka leo tukipita wanasema wana vitenge vya kutosha. Lakini Goma habari inatembea kuliko mama. Baada ya muda tulianza kufika na kukuta wanajua tayari, na wanajua kupita kiasi. Kwenye ua mmoja mwenye nyumba alifungua, akaangalia kwanza miguu ya mama. Akaihesabu. Miwili. Akamwangalia usoni, akarudi tena chini.

"Bamesema walikukata," akasema.

"Wamekuongopea mguu mmoja," mama akajibu, akaingia.

Walimpa maji ya moto na tangawizi. Wengine mayai ya kuchemsha. Wengine karanga. Mmoja alimpa kabichi nzima, mbichi, na mimi ndiye niliyeibeba mpaka nyumbani. Nyumbani tantine alianza kupika majani mengi kuliko unga. Hakusema sababu. Akimimina chai ya mama, mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kopo la sukari wenyewe, unafika, unasimama, unarudi patupu, na yeye anaangalia pembeni kana kwamba mkono ule si wake.

Mama alisema chai bila sukari ina ladha ya maji yaliyooshea sufuria. Alisema hivyo kila siku. Akainywa kila siku.

Siku ya kurudi tulikwenda sisi wawili tu. Tulipita kwanza Birere kuchukua vitenge vipya, halafu kituo cha afya, mama akiwa hajala. Nilijaribu kumchekesha kuhusu mtu aliyebeba godoro juu ya moto huku amelikalia, akasema "Mhm."

Infirmière alishika mkono wake kwanza. "Quarante-sept," akasema, arobaini na saba, na safari hii hakubadilisha betri. Halafu akatoboa kidole. Tone la damu likasimama juu ya ngozi, jekundu, duara. Mashine ikafikiri. Mama alikuwa ameangalia miguu yake, ndani ya viatu vya plastiki vilivyoliwa na mawe, vidole vyote vimekaa mahali pake.

"Cent quatre. Mia na nne."

"Ni nini hiyo?" mama akauliza, ingawa namba anaijua kuliko mimi.

"Imeshuka, mama. Kutoka cent vingt-et-un. Haijafika chini ya cent, bado uko katika ile ya kutangulia. Lakini inarudi nyuma. Endelea hivi, tutaangalia tena."

"Inarudi nyuma," mama akasema.

"Inarudi."

Mama akainama, akalegeza fundo la furushi pale pale katikati ya chumba cha kupimia, kitenge cha juu kikajifungua, bluu na ndege wa njano.

"Mwanangu," akamwambia infirmière, "hii ilikuwa inakungojea wewe."

"Ee mama, unaniua!" Infirmière akakishika pindo, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka begani, akajiangalia kwenye kioo cha kabati la dawa. "Ngoja, ngoja, usiifunge. Kaa vizuri, mama. Nikuletee chai."

Tukamwangalia. Na yeye alijisikia akisema. Alisimama na kitenge begani, mkono mdomoni.

"Tabia, mama," akasema. "Nisamehe. Ni tabia."

"Usijali," mama akasema. "Hata mimi ilinichukua muda."

Infirmière alileta glasi ya maji. Mama akainywa yote, akaitua, akaanza kumwambia bei.